Ajali Haina Kinga? Tafakari kwa vijana tunaosafiri wakati wa mvua na ukungu



Msimu wa mvua uliopita tulimzika mwenzetu wa kigangoni. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwimba besi kwenye kwaya, kijana wa utani mwingi. Alfajiri moja ya mvua, akimuwahisha abiria stendi, aliingia nyuma ya lori lililokuwa limeharibika na kuachwa barabarani bila taa. Abiria alivunjika mguu. Yeye hakufika hospitali.

Makaburini tulisema yale tunayosema siku zote. "Ajali haina kinga." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Siku yake ilikuwa imefika." Nami nilisema, tena nilisema kwa nia njema, maana mbele ya mama anayelia mtu anatafuta neno lolote la kushika. Lakini tulipokuwa tunarudi, baba yake mdogo, mzee asiye na maneno mengi, alisema kwa sauti ya chini: "Lile tairi la nyuma lilikuwa kipara tangu Oktoba. Wote tuliliona. Hilo nalo tumwachie Mungu?"

Hakuna aliyejibu. Tulitembea kimya mpaka njia panda.

Swali lile sijaweza kuliacha. Leo naomba tulitazame pamoja, kwa sababu mvua hazikawii kurudi. Huku kwetu Songea ikifika Novemba au Desemba zinaanza, na hazituachi mpaka Aprili. Siandiki kumhukumu marehemu. Mungu ampumzishe kwa amani. Nawaandikia walio hai, nikianza na mimi mwenyewe.

Je, mkosaji ni mvua?

Barabara yetu ya kwenda Makambako kupitia Madaba na Njombe mnaifahamu. Ukifika milima ya Lukumburu kona zinafuatana, na asubuhi za mvua ukungu unashuka mpaka kwenye lami. Upande wa Mbinga, kwenye milima ya Umatengo, ni hivyohivyo. Mtu ukisikia ajali imetokea huko, neno la kwanza ni "ukungu bwana", au "utelezi ule, acha tu". Kama vile ukungu una leseni na mvua imeshika usukani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa na sheria kwa mabasi nje ya makazi, linakata mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu mbele, hata akiwa macho kabisa, kati ya jicho kuona na mguu kukandamiza breki hupita kama sekunde moja na nusu. Hapo gari limeshakwenda mita 33 na breki bado haijaguswa. Sasa chukua ukungu mzito ambao unakuonyesha mita 30 tu, sawa na mabasi mawili na nusu yaliyopanga foleni. Utagonga kabla hujakanyaga breki. Lori likiwa limeharibika mbele, na utingo ameweka yale majani ya miti barabarani kama ishara, utayaona majani yakiwa chini ya bampa lako.

Na lami yenye maji haishiki tairi kama lami kavu, sembuse tairi kipara. Mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi yote ya kiangazi vinachanganyika na maji kidogo na barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Habari njema ni kwamba ukipunguza mwendo nusu, umbali ambao breki inahitaji kusimamisha gari haupungui nusu tu. Unashuka hadi robo. Yaani mguu wa kulia una nguvu kubwa ya kuokoa kuliko tunavyodhani.

Kwa hiyo mvua na ukungu havikuua mtu. Vilibadilisha masharti ya barabara. Jana ulikuwa na nafasi ya kukosea kidogo ukasamehewa. Leo nafasi hiyo haipo. Swali ni kwa nini sisi tunaendelea kwenda kama jana.

Hata kwenye theluji

Mtu atasema: ni barabara zetu hizi nyembamba, na umaskini. Barabara nzuri zinaokoa watu, ni kweli, na tuna haki ya kuzidai. Lakini twende mbali kidogo tuone. Theluji sisi tunaijua kwa picha za Kilimanjaro. Ila wale wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuwa wa shirika la Sankt Ottilien, kule Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambako theluji ni jambo la kila mwaka. Huko wana magari ya kusukuma theluji, na chumvi inamwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Tangu mwaka 2010 sheria ya Ujerumani inadai matairi maalumu ya majira ya baridi pale barabara inapokuwa na theluji au barafu. Na bado, theluji ya kwanza ikianguka, magari yanagongana. Watu walewale walioiona mwaka jana, na mwaka juzi, wanatoka nyumbani na mwendo wa kiangazi.

Tena wapo wanaojiamini kwa sababu wana gari la foo-wili. Gari linaondoka vizuri kwenye theluji, basi wanadhani litasimama vizuri pia. Wanasahau kwamba foo-wili inasaidia kusukuma gari. Kwenye kusimama, hata gari dogo la kawaida lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kinachoamua ni tairi na mwendo.

Basi, wenye lami pana na wenye tope jekundu, wenye theluji na wenye ukungu, tunafanana. Tatizo halianzii angani wala kwenye pochi. Hali ya hewa imebadilika, na mtu hataki kubadilika.

Tunachofundishwa na bahati

Kwa nini hatutaki? Nitawasimulia.

Siku moja nilikuwa kwenye basi natoka Njombe kurudi nyumbani. Tulipokaribia Lukumburu ukungu ulikuwa mzito kweli, dereva akapunguza mpaka tukawa kama tunatambaa. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Suka, vipi, tunalala njiani leo?" Basi zima likacheka. Mwingine akaongeza: "Kanyaga twende!" Nami nilicheka. Sikuwa na haraka yoyote, nilicheka tu kwa sababu wengine walicheka. Dereva naye akatabasamu, akaongeza mwendo.

Tulifika salama. Tuliposhuka, mama mmoja alifanya ishara ya msalaba akasema, "Mungu ni mwema." Nikaitikia, "Kila wakati."

Niliona shida ya siku ile baadaye sana. Mungu ni mwema kweli. Lakini dereva yule alijifunza nini? Alijifunza kwamba kwenye ukungu inawezekana kukimbia. Nasi tulijifunza kwamba kumcheka dereva anayepunguza hakuna madhara. Kila tunapofika salama baada ya kufanya upumbavu, bahati inatupigia makofi, nasi tunaita uzoefu. "Mimi njia hii naijua, nimeipita miaka kumi." Ndiyo, umeipita miaka kumi; lori lililoharibika usiku wa leo halikuwepo miaka yote hiyo.

Dhambi nyingine zinafanya kazi hivyohivyo, mtalitambua hilo mkijichunguza. Mtu hadanganywi na anguko. Anadanganywa na zile mara nyingi ambazo hakuanguka.

Halafu kuna aibu. Kijana akipunguza mwendo anaonekana mwoga. Bodaboda akimwambia abiria "tusubiri mvua ipungue", abiria anapanda ya jirani. Na nyuma ya hiyo kuna hesabu: jioni bosi anataka hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo msimwone dereva peke yake. Kwenye kile kiti kimoja tumekaa wengi.

Rozari na breki

Kuna jambo linatuhusu sisi waamini zaidi. Rozari inaning'inia kwenye kioo. Nyuma ya gari kuna maandishi ya kumtukuza Mungu. Tunasali kabla ya kuondoka, na ni vizuri sana. Mwanga wa Kristo na utuongoze. Lakini tukisha kusali tunakanyaga, kama vile sala imetununulia ruhusa.

Shetani alimpeleka Yesu juu ya mnara wa hekalu akamwambia ajitupe, kwa kuwa malaika wangemdaka. Hata Maandiko aliyanukuu! Someni Mathayo 4:5-7. Yesu alikataa, akasema mtu asimjaribu Bwana Mungu wake. Angalieni vizuri: Yesu hakuwa na shaka na ulinzi wa Baba. Alikuwa na imani kamili, na ndiyo maana hakujitupa. Anayemwamini Baba hamtegei mtego ili aone kama atamdaka. Kukimbiza gari ukiwa huoni mbele, halafu ukasema "Mungu atatulinda", ni kujitupa kutoka mnarani na rozari mkononi.

Kanisa halikuliacha jambo hili hewani. Katekisimu, ikieleza amri ya tano, inasema kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo kasi wana hatia kubwa (KKK 2290). Mwezi Juni 2007, Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake zimo amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ileile ya Sinai: usiue. Sasa nikuulize, kijana mwenzangu, bila kukuaibisha: ni lini uliingia kitubio ukataja mwendo wako? Mimi sijawahi. Nimetaja hasira, nimetaja uongo, nimekosa kutaja siku ile niliyocheka kwenye basi.

Ukuta mdogo juu ya dari

Turudi kwenye ule msemo wetu. Ajali haina kinga. Je, Biblia inakubali?

Fungueni Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, watu walipanda juu kupumzika na kuongea. Mungu anaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo pale juu, ili mtu akianguka, damu yake isije juu ya nyumba ile. Basi! Kumbe Mungu mwenyewe anaamini kwamba ajali ina kinga, tena anaiagiza. Asiyejenga ule ukuta hawezi kusema "siku yake ilikuwa imefika".

Na kitabu cha Kutoka 21:28-29 kinatenganisha vizuri bahati mbaya na hatia. Ng'ombe dume akimpiga mtu pembe akamwua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe alikwisha kuonywa, asimfunge, hapo hatia ni yake. Tairi kipara tangu Oktoba ni ng'ombe ambaye wote tumekwisha kuonywa habari zake.

Haina maana kwamba kila anayekufa barabarani amekosa. Hapana. Yesu alipoongea habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4). Kwa hiyo msiba ukitokea, tusitafute dhambi ya marehemu. Lakini Yesu hakuishia hapo. Aliwageukia wasikilizaji akawaambia watubu wao. Huo ndio mpangilio mzuri wa Kikristo: kwa aliyekufa, sala, kwa sisi tuliobaki, toba.

Tulipomwambia mama wa marehemu kwamba Mungu alimpenda zaidi mwanae, tulitaka kumfariji. Ila bila kukusudia tulimpa Mungu lawama ya tairi ambalo sisi hatukulinunua, ya lori ambalo hakuna aliyeliwekea taa, na ya hesabu ambayo hakuna aliyeipunguza siku ya mvua. Nadhani Mungu alikuwa pale barabarani alfajiri ile akilia pamoja naye, siyo akiandika tarehe.

Dereva wa fadhila zote

Katika mapokeo ya Kanisa, busara inaitwa mwendesha gari wa fadhila nyingine (KKK 1806). Napenda sana lugha hiyo. Ushujaa ni injini, lakini injini kubwa bila dereva ni hatari kwa mtaa mzima. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sehemu mojawapo ya busara ni kuangalia mazingira, kwa sababu jambo lililo jema lenyewe laweza kuwa baya kwa mazingira ya leo. Kilomita 80 ni halali kwenye lami kavu mchana kweupe. Kilomita hizohizo kwenye ukungu wa Lukumburu ni kosa, hata kama trafiki hakuandikii kitu.

Kwa hiyo busara siyo uoga, na wala siyo jambo la wazee. Ni unyenyekevu wa kukubali kwamba leo siyo jana.

Tufanyeje? Wewe unayeendesha, nenda mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya kile unachokiona. Ukiona mita 30, simama ndani ya mita 30. Ukishindwa, egesha mahali salama, kando kabisa ya barabara. Kwenye ukungu usiwashe taa full, mwanga utakurudia usoni. Tumia za chini. Tairi likiisha, sema limeisha. Usipakie mishikaki kwenye tope, na abiria wako naye apate kofia ngumu.

Wewe mwenye pikipiki unayepokea hesabu, siku ya mvua kubwa samehe sehemu. Huo ndio ukuta wako mdogo juu ya dari. Sadaka ya namna hiyo haipiti kwenye kapu, lakini naamini mbinguni inaandikwa.

Na wewe abiria kama mimi, usinyamaze. Safari nyingine, mvua inapiga, niliona mama mmoja akiinuka kwenye kiti chake akasema kwa upole kabisa: "Baba, naomba upunguze. Mimi sina haraka." Kimya kikapita. Halafu mzee wa mbele akasema, "Kweli dereva, punguza." Na mwingine tena. Dereva akapunguza, na nilimwona mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Huenda naye alikuwa anasubiri mtu amruhusu. Sauti moja ilitosha. Nilijiuliza siku ile ya Lukumburu sauti yangu ilikuwa wapi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Huo ni umri wetu, jamani. Ni kwaya zetu, ni VIWAWA yetu, ni wanafunzi wetu. Mvua ikianza mwaka huu, sitaki tena kusema makaburini neno ambalo siliamini.

Maswali ya kujichunguza

1. Ni "tairi kipara" gani katika maisha yangu ambalo wote wameliona, nami naendelea kusema Mungu atalinda?
2. Ni lini nilimcheka au kumharakisha mtu aliyekuwa anafanya jambo kwa uangalifu?
3. Katika jumuiya yetu, nani tunaweza kumsaidia kununua tairi, taa au kofia ngumu kabla mvua hazijaanza?

Tusali

Ee Baba mwema, umetupa macho ya kuona na miguu ya kukanyaga breki. Utusamehe tulipokuachia wewe kazi uliyotukabidhi sisi. Utupe unyenyekevu wa kupunguza mwendo, na ujasiri wa kusema "punguza". Uwapokee wenzetu waliofia barabarani, uwafariji mama zao. Malaika walinzi watusindikize, nasi tuwarahisishie kazi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Safari njema, vijana. Tukutane Dominika, wote.